Dhamana isiyosomeka si dhamana

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ukweli wa methali hii niliuonja mwaka 2019, siku nilipotoka katika duka moja mjini Mombasa nikiwa nimenunua pikipiki mpya ya injini ya 150cc. Fedha zenyewe hazikuwa zangu. Ulikuwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, ambao ungekatwa katika mshahara wangu kwa miezi thelathini na sita. Lakini nani angeyakumbuka makato siku kama ile? Tangi lilimetameta, kiti kilikuwa bado kimefunikwa nailoni, na mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilikuwa nikitabasamu kama mtoto aliyenunuliwa nguo za sikukuu.

Muuzaji alinikabidhi funguo mbili, risiti na kijitabu chembamba. "Hii ndiyo dhamana yako, mwalimu. Tia sahihi hapa," akasema. Nikatia sahihi. Sikusoma hata mstari mmoja. Mimi, ambaye kila muhula huwaonya wanafunzi wangu wasijibu swali kabla ya kulisoma mara mbili!

Shule ninayofundisha ipo katika milima ya Taita, ambako barabara hupanda kwa kona baada ya kona. Pikipiki niliisafirisha kwa lori hadi nyumbani, kwani nilikuwa nimeonywa kwamba injini mpya haistahili safari ndefu ya mwendo mmoja. Onyo hilo lina maana. Vyuma vya injini mpya huwa havijazoeana. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda husuguana hadi vikaliane vyema, na chembe za chuma zitokanazo na msuguano huo huingia katika oili. Ndiyo sababu mwenye pikipiki mpya hutakiwa kwenda taratibu katika kilomita za mwanzo, asiibebeshe mzigo mzito, na aibadilishe oili mapema kuliko ilivyo kawaida. Hayo yote niliyatimiza.

Hata hivyo, wiki ya tatu, mita ikionyesha kilomita 640, pikipiki ilizima katikati ya mlima. Nilipiga kiki hadi jasho likanitiririka, wapi! Nikaketi kando ya barabara karibu nusu saa. Injini ilipopoa nikajaribu tena, nayo ikawaka mara moja, kana kwamba ilikuwa ikinifanyia mzaha. Tangu siku hiyo mchezo ukawa ndio huo. Ikipata moto, inazima; ikipoa, inawaka. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wakaanza kuzoea kuanza somo la kwanza bila mwalimu.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa jua kali mwenye banda karibu na soko. Nilitarajia achukue spana mara moja. Badala yake alikunja mikono, akaitazama pikipiki, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, kuifungua naweza sasa hivi," akasema. "Lakini nikilegeza skurubu moja tu, wale waliokuuzia watasema mimi ndiye niliyeiharibu. Irudishe kama ilivyo." Kwa maneno hayo alijinyima malipo ya siku ile, nami hadi leo namhesabu miongoni mwa watu waungwana niliopata kukutana nao.

Hakuniacha mikono mitupu. Alinieleza kwamba kifuniko cha tangi huwa na tundu dogo la kupitisha hewa, na kwamba tundu hilo likiziba, petroli hukataa kushuka na injini huzima. "Ikizima tena, fungua kifuniko, kisha piga kiki. Ikiwaka, tumempata mwizi. Ikikataa hadi ipoe, basi kosa liko kwenye umeme." Nilifanya hivyo mara tatu, nayo ikakataa mara zote tatu. Fundi akakisia kwamba koili, kifaa kinachopeleka umeme mkali kwenye plagi, ilikuwa na nyaya zenye hitilafu ndani yake. Koili ya namna hiyo hufanya kazi ikiwa baridi, na ikishika joto cheche hupotea. Akanishauri niandike kila tukio: tarehe, kilomita, na hali ya barabara. Nikachukua daftari la mazoezi, nikaanza kuandika.

Wakala wa duka lile alikuwa mjini Voi. Mara ya kwanza aliiwasha pikipiki uani, ikanguruma dakika tano bila tatizo, akaniambia haina kosa. Mara ya pili alidai kwamba petroli ya huku kwetu ni chafu, akasafisha kabureta, akanitoza. Mara ya tatu alikifungua kile kijitabu mbele yangu, akaniambia mambo mawili: kwamba vifaa vya umeme havimo katika dhamana, na kwamba dhamana yenyewe ilikuwa imekwisha kufa, kwa kuwa nilikuwa nimeifanyia pikipiki sevisi ya kwanza ikiwa na kilomita 1,180 badala ya 1,000.

Hapo, msomaji, sina budi kukiri kosa langu. Sevisi niliichelewesha. Ilikuwa wiki ya mitihani, nami nikasema moyoni kwamba kilomita mia moja na ushei si kitu. Lau ningalikuwa nimekisoma kijitabu, ningalijua kuwa ni kitu.

Usiku huo nilikisoma kwa mara ya kwanza, kuanzia jalada hadi jalada. Kilikuwa cha Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, kwa herufi ndogo kama siafu. Nilisoma nikiwa na kamusi kando. Nikagundua kwamba vifaa vya umeme vilivyoondolewa katika dhamana vilikuwa vimetajwa kimoja kimoja: taa, fyuzi na betri. Koili haikutajwa. Tena, daftari langu lilionyesha kwamba kosa lilitokea mara ya kwanza kwenye kilomita 640, na kwamba nililipeleka kwa wakala kwenye kilomita 870, kabla hata ya siku ya sevisi kuwadia. Kosa haliwezi kuzaliwa na uzembe uliotendeka baada yake.

Nikaandika barua rasmi, ya aina ile ile tunayowafundisha wanafunzi: anwani mbili, mada, aya tatu, sahihi. Nikaambatanisha nakala za kurasa za daftari. Nikaomba jambo moja zaidi, kwamba fundi wao aiendeshe pikipiki mlimani hadi injini ishike moto, asiishie kuiwasha uani. Baada ya siku tisa nikaitwa. Pikipiki ikaendeshwa, ikazima, ikakataa kuwaka. Koili ikabadilishwa bila malipo. Nauli zangu hazikurudishwa, wala fedha nilizotozwa kwa ajili ya kabureta isiyo na hatia. Lakini pikipiki hiyo ilitengemaa, na haikuzima tena mlimani.

Lau kisa kingeishia hapo nisingekiandika, kwani shida ya mwalimu mmoja haistahili nafasi katika gazeti. Kinachonikera ni kisa cha pili.

Kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu alinunua pikipiki ya aina ile ile, katika mwaka ule ule, ili aifanyie kazi ya bodaboda. Naye alichukua mkopo. Naye pikipiki yake ikaanza kuzima ikipata moto. Yeye hakuandika popote. Alimpa fundi wa kwanza aliyemwona, akaifungua. Wa pili akabadilisha kabureta. Wa tatu akakata nyaya na kuziunga upya. Alipofika kwa wakala alionyeshwa mlango, na kwa mujibu wa kijitabu wakala alikuwa na haki. Hatimaye aliiuza pikipiki kwa bei ya kutupa huku deni likimngoja. Nilipomwuliza kuhusu dhamana, alikwenda ndani akaniletea kijitabu kikiwa katika mfuko wake wa plastiki, safi, hakijafunguliwa. "Mwalimu, kilikuwa Kiingereza," akasema, "nami nikadhani ni cha kuwekwa tu."

Nilimfundisha kijana huyo miaka minne. Alijua ngeli zote za nomino. Alijua kutofautisha tashbihi na istiari. Lakini sikupata kumwekea mezani karatasi ya makubaliano nikamwambia: isome hii, uniambie umeahidiwa nini na umeahidi nini. Lawama ile siwezi kuipeleka kwa wakala.

Hebu tuzitazame ahadi zenyewe. Dhamana yetu ilisema miezi sita au kilomita 6,000, lolote litakalotangulia. Kwangu mimi, niendaye shule na kurudi, miezi sita ilikuwa miezi sita kweli. Lakini mwendeshaji wa bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku humaliza kilomita 6,000 katika siku 60. Yeye anadhani ana nusu mwaka, kumbe ana miezi miwili. Hesabu hiyo ni ya darasa la nne, ila hakuna anayeifanya mbele ya pikipiki inayometameta.

Wauzaji nao wana hoja zao, na haki inatutaka tuzisikilize. Ni kweli kwamba pikipiki nyingi hurudishwa zikiwa zimebebeshwa watu watatu na gunia la viazi, zikiwa zimetiwa oili isiyofaa, au zikiwa hazijapata kuona sevisi. Hakuna mtengenezaji awezaye kudhamini uzembe wa mtumiaji. Aidha, vitu vinavyolika kwa matumizi, kama vile cheni, matairi na sahani za klachi, kwa kawaida huachwa nje ya dhamana, na jambo hilo si dhuluma. Lakini mtu huwezaje kutimiza sharti asilolielewa? Anayeandika masharti kwa lugha ambayo mnunuzi wake haifahamu vyema, kisha akayatumia masharti hayo kumfungia mlango, hana tofauti na anayechimba shimo na kulifunika majani.

Sheria za nchi yetu zimekwisha kulitazama jambo hili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa hizo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imeongeza kwamba muuzaji huhesabiwa kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha wa bidhaa yake, na kwamba kipengele chochote cha makubaliano kinachojaribu kuifuta dhamana hiyo ya kisheria ni batili. Kwa maneno mengine, kijitabu cha muuzaji kinaweza kuongeza haki zako. Hakiwezi kuzifuta zile ulizopewa na sheria. Isitoshe, tangu mwaka 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hukusudiwa kuamua kesi katika siku 60, na haimlazimu mlalamishi kuwa na wakili. Kijana wangu hakuwa na mlango huo mwaka 2019. Wa leo wanao.

Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sasa nauliza: haki ya kupata habari ina maana gani iwapo habari zenyewe zimefungiwa katika lugha ya pili au ya tatu ya mnunuzi? Pikipiki huletwa kwetu na kutangazwa redioni kwa Kiswahili fasaha, kwa nyimbo na vichekesho. Kampuni iwezayo kunisifia injini kwa Kiswahili inashindwaje kunieleza kwa Kiswahili siku ya kuibadilisha oili yake? Gharama ya kuchapa kurasa nane haiwezi kuwa kizuizi. Kinachokosekana ni nia, na nia huja pale wanunuzi wanapodai. Bunge nalo halina sababu ya kungoja. Sharti la kwamba kila dhamana ya chombo cha usafiri iandikwe pia kwa Kiswahili lingeweza kuwekwa kwa kipengele kimoja tu cha sheria.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Muhula ujao, siku moja, tuyaweke kando mashairi na ufahamu wa vitabuni, tupeleke darasani dhamana ya simu, ya redio au ya pikipiki. Tuwagawe wanafunzi katika makundi, wazitafute ahadi, wayatafute masharti, wahesabu siku, kisha waandike barua ya malalamiko yenye tarehe na ushahidi. Huo pia ni uandishi wa kiuamilifu, na huenda ukawa ndio utakaomsaidia mtoto siku atakapokuwa na deni la benki na injini isiyowaka.

Nanyi wanafunzi, siku mtakaponunua chombo chenu cha kwanza, furahini. Kipya ni kinyemi. Lakini kabla ya kuitia sahihi yenu, vuteni kiti, mkae, msome. Muuzaji akiwaharakisha, mwambieni mwalimu wenu aliwaagiza msome mara mbili.