Raia Mwenye Bastola Akimkuta Polisi Mashakani

Jioni, steji ya mtaa wa Tena, Nairobi, hujaa watu. Makanga wanaita abiria, mama anageuza mahindi juu ya jiko la makaa. Tuseme polisi wa doria anavamiwa hapo hapo, na mkazi mmoja ana bastola yenye leseni kiunoni. Afanye nini?

Kenya imewahi kulijibu swali hili kwa damu. Septemba 21, 2013, magaidi wa al-Shabaab walipovamia jengo la maduka la Westgate, Abdul Haji alipata ujumbe kutoka kwa nduguye aliyekuwa ndani. Aliingia na bastola yake. Yeye na raia wengine wenye silaha waliungana na polisi waliovaa kiraia, wakawalinda waliokuwa wakitoa watoto na majeruhi. Watu 67 waliuawa, lakini wengi walitoka hai.

Siku hiyo hiyo, kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliripotiwa kuuawa kwa risasi za wanajeshi waliokuja kusaidia. Ikiwa wenye sare walishindwa kutambuana, raia mwenye jinzi na bastola atatambuliwaje?

Sheria ya Kenya humtaka raia amsaidie polisi anayemwomba msaada kumkamata mtuhumiwa. Haimruhusu kufyatua ovyo. Pale Tena, risasi iliyokosa shabaha yaweza kumpata muuza mahindi. Basi mwenye silaha apige 999 kwanza na kuwaondoa watoto. Bastola aitoe tu pale uhai unapokaribia kupotea na hakuna njia nyingine. Hapo ajitambulishe kwa sauti, afuate amri ya polisi, na aiweke chini mara kikosi kinapofika.