Kichocho cha Usukumani kinastahili kitepe chake

Mwenye homa katika kijiji kama Ipililo, mkoani Simiyu, hupimwa malaria kwa tone la damu na kupata majibu ndani ya dakika 15 hadi 20, bila umeme wala darubini. Siri iko kwenye kitepe cheupe cha nitroselulosi, yaani selulosi, ileile inayojenga nyuzi za pamba ya Simiyu, iliyotiwa asidi ya naitriki hadi ikaweza kushika protini. Juu yake huchorwa mstari wa kingamwili usioonekana kwa macho. Damu ikitambaa, protini ya vimelea hushikana na kingamwili zilizobebeshwa chembechembe za dhahabu, kisha hunaswa mstarini, na dhahabu hiyo ndiyo wekundu tunaouona.

Kichocho cha mkojo, kilichoota mizizi Usukumani kwenye malambo na majaruba wanamoishi konokono wake, hakijapata kipimo cha namna hiyo. Kawaida huchujwa mililita 10 za mkojo, kisha mayai ya minyoo yakahesabiwa kwa darubini. Mwenye minyoo michache anaweza asitoe hata yai moja siku hiyo, akaambiwa ni mzima. Kadi ya mkojo iliyopo sokoni hunasa vizuri kichocho cha tumbo, ila cha mkojo mara nyingi hukikosa. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walibuni kitepe kinachonasa CAA, antijeni inayomwagwa na minyoo hai ya aina zote mbili. Kimetumika katika tafiti kanda ya Ziwa, lakini huhitaji mashine ya kukisoma.

Wapo wanaouliza: ya nini kupima, ilhali dawa yake, praziquantel, ni nafuu na hugawiwa shuleni? Hoja hiyo ina uzito pale ugonjwa ulipoenea. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2022, linashauri dawa ya kila mwaka kwa jamii ambako maambukizi yamefika asilimia 10, na asilimia hiyo haijulikani bila kupima. Darubini ikiwakosa wenye minyoo michache, kijiji kizima kinaweza kuhesabiwa chini ya kiwango. Mbaya zaidi, mwanamke mwenye mayai kwenye shingo ya kizazi huenda asiwe nayo kwenye mkojo, akatibiwa magonjwa ya zinaa mwaka hadi mwaka.

Wengine husema vitepe hudanganya. Ni kweli, kile cha malaria huweza kuonyesha ugonjwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, na Eritrea vimelea visivyo na protini inayotafutwa vilikipita bila kuonekana. Hilo linatudai tuchague vizuri cha kunasa, na CAA hupungua minyoo inapokufa. Kilichobaki ni kitepe kinachosomeka kwa macho, na fedha za utafiti za Tanzania zielekezwe huko, kijaribiwe kwa mkojo wa watu wa Simiyu wenyewe.