Viwango Rejea vya Damu kwa Nyoka Wenye Sumu Wanaofugwa: Tatizo la Kundi la Marejeo Kandokando ya Ziwa Viktoria

Katika Usukuma kufuga nyoka wenye sumu si jambo geni. Bayeye, chama cha ngoma cha wachezesha nyoka, wamekuwa wakiwakamata, wakiwatunza na kucheza nao, na papo hapo wakiwatibu walioumwa. Ujuzi huo humsoma nyoka kwa nje: wepesi wake, ngozi yake, hamu yake ya kula. Nyoka, hata hivyo, huficha ugonjwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana anayefuga kifutu au swila kwa ajili ya kukamua sumu ya kutengenezea dawa ya kuumwa na nyoka huhitaji kipimo cha damu, na kipimo hakina maana pasipo kiwango rejea, yaani mipaka inayokumbatia asilimia 95 ya katikati ya vipimo vya wanyama wenye afya wa spishi hiyo.

Viwango hivyo haviwezi kuazimwa kwa binadamu, wala mashine yake. Chembe nyekundu za nyoka zina kiini, na chembe zinazogandisha damu vilevile. Mashine ya hospitali huzichanganya na chembe nyeupe, na nyoka mzima akaonekana ana maambukizi makali. Hesabu hufanywa kwa mkono, chini ya darubini. Kwa upande wa figo, urea na kreatinini hazisaidii sana, kwa kuwa nyoka hutoa taka ya nitrojeni hasa kwa njia ya asidi ya uriki. Asidi hiyo nayo hupanda baada ya mlo. Mtafiti asiyeandika tarehe ya mlo wa mwisho, pamoja na jotoridi la kizimba, ameacha namba isiyofasirika. Damu inayotolewa mkiani huweza pia kuchanganyika na limfu, na kipimo kikashuka bila nyoka kuugua.

Ugumu mkubwa zaidi ni kuamua nani mwenye afya. Nyoka wengi wa vizimbani walikamatwa porini, na wa porini huweza kubeba vimelea vya Hepatozoon ndani ya chembe nyekundu bila dalili yoyote. Wakiondolewa wote, huenda kundi likabaki dogo mno. Wakiachwa, “afya” inabadilika maana. Kwa maoni yetu wabakizwe, mradi vimelea viripotiwe kwa kila nyoka.

Kuhusu idadi, mwongozo wa ASVCP wa mwaka 2012 unapendelea wanyama 120 au zaidi, na haushauri kukokotoa mipaka kwa wanyama walio chini ya 20. Ni vizimba vichache vyenye spishi moja kwa wingi huo. Tasnifu yenye vifutu 12 iorodheshe vipimo vya kila mmoja, pamoja na jinsia, uzito, msimu na siku tangu alipojivua gamba, ili mtafiti wa kituo kingine aweze kuongeza wake.