Bei na Hesabu za Chama

Wanachama wengi huitazama bei kama malipo tu: ikipanda ni neema, ikishuka ni dhuluma. Kwa katibu atunzaye vitabu vya chama, bei ni kipimo pia. Gunia la mahindi, pipa la dizeli na kazi ya kibarua havijumlishiki mpaka kila kimoja kiandikwe kwa shilingi.

Kipimo kikipotoka, hesabu hupotoka hata katibu akiwa mwaminifu. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji (NMC) likawa mnunuzi. Nia ilikuwa njema: mkulima asipunjwe kwa sababu ya umbali wake. Lakini mkulima wa Rukwa akalipwa sawa na aliye jirani na Dar es Salaam. Kilimo cha mahindi kikastawi Rukwa na Ruvuma, mbali kabisa na walaji wa mjini. Gharama ya barabara haikutoweka. Ilihamia katika vitabu vya Shirika, na deni lake benki likakua. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha haikupitishwa hadi 1982.

Katibu wa Getanuwas aweza kulipima jambo hili kwa kalamu. Iwe, kwa mfano tu, gunia lauzwa shilingi 52,000 kijijini na 60,000 Katesh, na lori hutoza 5,000 kwa gunia. Zabaki 3,000 za kulipia wapakizi, gunia tupu na upungufu wa mizani. Gharama hizo zikizidi 3,000, mahindi yauzwe ghalani kijijini. Kama bei ingekuwa moja kote, na lori likalipiwa na mfuko mwingine, nani angeuliza kama safari ile inafaa?

Hata hivyo bei ya soko si ahadi. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ikaanguka Tanzania. Waliopanda kwa kutazama bei ya miaka iliyotangulia waliumia. Kwa hiyo halmashauri inapopima mkopo wa pembejeo, ijaribu hesabu kwa bei ya chini pia.

Daftari la bei lionyeshe tarehe, mahali na uzito. Bei ya gunia la kilo 100 na bei ya lumbesa haziandikwi katika safu moja.