Wanavajo na Mawe ya Manjano

Katika nchi kavu ya magharibi ya Marekani wanakaa Wanavajo, wachungaji wa kondoo na wafumaji hodari wa mablanketi ya sufu. Wenyewe hujiita Diné, maana yake “watu”. Nchi yao ya asili imezungukwa na milima minne mitakatifu, na ardhi huiita mama. Mwaka 1864 askari waliwatoa kwa nguvu, wakawapeleka kwa miguu hata Bosque Redondo, ambako wengi walikufa. Mwaka 1868 walifanya mkataba na Serikali, wakarudi kwao.

Lakini chini ya ardhi ile ilikuwamo urani. Sisi wa Kongo twaijua: mawe ya Shinkolobwe, huko Katanga, yalitumika katika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki. Tangu mwaka 1944 hata 1986 zilichimbwa karibu tani milioni 30 katika nchi ya Wanavajo. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa mmoja tu, Serikali ya Marekani.

Wanaume walifurahi kupata kazi karibu na nyumbani. Waliingia shimoni baruti ikiisha kulipuka, vumbi halijatulia, wakanywa maji yaliyotiririka mle ndani. Jioni walirudi na nguo zile zile, na mama wa nyumba akazifua. Wengine walijenga nyumba zao kwa mawe ya machimbo. Na nani aliwaonya? Tangu mwaka 1950 waganga wa Serikali waliwapima wachimbaji na kuandika habari zao, wala hawakuwaambia hatari ya gesi ya radoni waliyoivuta. Wengi wakafa kwa saratani ya mapafu. Mganga anajua, naye ananyamaza! Jambo hilo lauma kuliko mengine yote.

Tarehe 16 Julai 1979, huko Church Rock, ukuta wa bwawa la takataka za kiwanda cha urani ulibomoka. Zaidi ya lita milioni 350 za maji yenye sumu ziliingia katika mto Puerco, walikonyweshea mifugo.

Mwaka 1990 Marekani ilitunga sheria ya kuwalipa fidia wachimbaji. Hata hivyo wajane wengi walihangaika, kwa kuwa walioolewa kwa desturi ya kwao na hawakuwa na vyeti vya ndoa. Mwaka 2005 Wanavajo wenyewe walikataza uchimbaji wa urani katika nchi yao. Machimbo zaidi ya 500 yameachwa, mengi hayajasafishwa hata leo, na kandokando yake bado wanakaa watu pamoja na kondoo wao.