Haba na Haba: Maagizo ya Daktari na Gharama ya Dawa za Kisukari Nakuru

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa aghalabu kuhimiza uwekaji wa akiba. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa kisukari aishiye Nakuru, Molo au Naivasha, maana yake hugeuka: shilingi chache za kidonge cha leo, zikirudiwa kila siku maisha yote, hujaza kibaba cha gharama. Makala hii inanuia kueleza jinsi maagizo ya dawa za kisukari yalivyobadilika, na jinsi bei inavyoamua ni badiliko lipi linalomfikia mgonjwa.

Ukubwa wa tatizo hili Nakuru unajulikana. Mnamo miaka ya 2007 na 2008, watafiti wakiongozwa na daktari wa macho, Wanjiku Mathenge, waliwapima zaidi ya watu 4,000 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Asilimia 6.6 walikuwa na kisukari, na takribani nusu walikuwa na shinikizo la damu. Si ajabu, basi, mzee mmoja kulazimika kununua dawa za maradhi mawili.

Mwelekeo wa Maagizo

Katika kisukari cha aina ya pili, metfomini ndiyo dawa inayotangulia. Dawa hii hupunguza sukari inayotolewa na ini, na haina bei ya kutisha. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulidhihirisha kuwa ilipunguza vifo miongoni mwa wagonjwa wanene.

Metfomini isipotosha, kwa miaka mingi hospitali za umma nchini Kenya zimeongeza glibenklamaidi, ambayo ni rahisi pia. Dawa hii hulichochea kongosho litoe insulini hata kama mgonjwa hajala. Ajuza aliyemeza kidonge alfajiri kisha akashinda shambani Bahati bila chakula huweza kutetemeka, kutokwa na jasho na hata kuzirai. Kwa sababu hiyo, mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka gliklazaidi katika orodha yake ya dawa muhimu na kutahadharisha kuwa glibenklamaidi haiwafai waliozidi miaka 60. Mwaka 2021 shirika hilo liliongeza dawa za kundi la empagliflozini, ambazo huondoa sukari kwa njia ya mkojo na kuukinga moyo na figo. Hata hivyo, dawa hizi mpya ni ghali kuliko metfomini.

Gharama ya Insulini

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mwaka 1923 wagunduzi wake waliuza haki zao kwa dola moja moja ili isiwe bidhaa ya matajiri. Mnamo mwaka 2012 mradi wa kampuni ya Novo Nordisk nchini Kenya uliweka kikomo cha shilingi 500 kwa chupa katika vituo vilivyoshiriki. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 40 kwa siku huimaliza kwa siku 25. Juu ya hayo kuna sindano, vifaa vya kupimia sukari, na nauli ya kwenda hospitalini Nakuru. Isitoshe, chupa ambayo haijafunguliwa huhitaji ubaridi. Asiye na jokofu huweza kuihifadhi katika mtungi wa udongo unaopozwa kwa maji yanayovukizwa.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa daktari huandika agizo akiwa kati ya mambo mawili: dawa inayopendekezwa vitabuni na dawa itakayonunuliwa mwezi ujao. Dawa bora ikinunuliwa mara moja kisha ikaachwa, sukari hupanda tena, na macho, figo na miguu huendelea kuharibika kimyakimya. Kwa upande mwingine, dawa rahisi inayotolewa bila maelezo huweza kumwangusha mzee shambani. Hivyo basi, kila agizo linastahili kuambatana na maswali mawili: je, mgonjwa ataimudu gharama hiyo hadi lini? Na je, hatari za dawa hiyo ameelezwa kwa lugha anayoielewa? Swali la kwanza ni la serikali na madaktari. La pili linawahusu pia wapenzi wa Kiswahili.