Ruzuku ya Zambia ndani ya bukari ya Likasi

Ruzuku ya mauzo ya nje ni jambo rahisi kulieleza: serikali humlipa mkulima au mfanyabiashara wake ili auze nchi nyingine kwa bei ambayo peke yake asingeiweza. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo kwa miongo mingi kwa sukari, maziwa ya unga na nyama. Desemba 2015, mawaziri wa nchi za Shirika la Biashara Duniani walikutana Nairobi wakakubaliana kuifuta: nchi tajiri karibu papo hapo, nyingi za zile zinazoendelea kufikia mwisho wa 2018, na zilizo maskini zaidi zikaongezewa muda. Sokoni Likasi, mji wa Katanga kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uamuzi huo haukugusa bei ya unga wa mahindi, na haukuweza kuigusa. Ruzuku iliyokuwa ikiingia katika sufuria za Katanga haikuwa na jina hilo. Ilitoka Lusaka, ikalipwa kwa ajili ya mlaji na mkulima wa Zambia, kisha ikavuka mpaka wa Kasumbalesa ndani ya mfuko wa unga.

Tazama ilivyofanya kazi. Mwaka 2010 na 2011 Zambia ilivuna mahindi mengi kuliko wakati wowote kabla yake, takriban tani milioni 2.8 na kisha milioni 3. Mbolea na mbegu za wakulima wadogo zilikuwa zimelipiwa kwa sehemu kubwa na serikali. FRA, wakala wa serikali wa akiba ya chakula, ulinunua mahindi kwa kwacha 65,000 kwa mfuko wa kilo 50 (kabla kwacha haijapunguzwa sifuri tatu mwaka 2013), ukawauzia wenye vinu kwa bei ya chini kuliko hiyo. Hazina ikabeba tofauti. Sasa, unga uliopunguziwa bei Ndola hauulizi pasi ya anayeula. Mpakani palipo na njia za baiskeli kila upande, penye wanunuzi wenye mishahara ya migodi ng'ambo, lazima utavuja. Mwaka 2013 serikali ya Rais Michael Sata iliondoa ruzuku ya wenye vinu, na uvujaji huo ulikuwa miongoni mwa hoja zilizotajwa.

Kwa hiyo mlipakodi wa Zambia alikuwa akichangia bukari (ugali) ya Likasi bila kuombwa. Wengi watauliza: ubaya uko wapi? Hoja hiyo ina uzito. Likasi ni mji wa viwanda na migodi, hununua inachokula, na kwa familia isiyo na shamba unga wa bei nafuu ni sawa na nyongeza ya mshahara. Kutoza ushuru mkali kwenye unga huo kungekuwa kuwatoza maskini. Ila unafuu huo haufiki mezani mzima. Bei ya Likasi hupangwa na kiasi kilichovuka, wala haipangwi na bei iliyolipwa Zambia. Kila kizuizi kinapowekwa mpakani, tofauti kati ya bei mbili hizo hubaki mikononi mwa msafirishaji, mwenye bohari na ofisa wa mpakani anayefumba macho usiku. Ruzuku iliyokusudiwa mlaji hugeuka faida ya njia.

Hasara kubwa zaidi iko mbali na mpaka, mashambani mwa Katanga, katika bonde la Lufira na vijiji vya Kambove. Unga wa bei ya chini peke yake haumfukuzi mkulima shambani. Mkulima anaweza kuizoea bei ya chini iliyo thabiti, akahamia maharage au mboga. Kinachomshinda ni bei inayotegemea hazina ya nchi nyingine na hofu za wanasiasa wake. Kusini na kaskazini ya mpaka mvua huanza karibu wakati mmoja na mavuno hutoka pamoja. Mwaka mwema, mahindi ya mkulima wa Katanga hukutana sokoni na yale ya Zambia yaliyokuzwa kwa mbolea ya ruzuku. Mwaka wa ukame, Lusaka hufunga mauzo ya nje ili kuwalinda watu wake, bei ya Katanga hupanda, naye mkulima huyo, kwa ukame uleule, anakuwa na magunia machache ya kuuza kwa bei hiyo nzuri. Mavuno ya Zambia yalishuka kutoka takriban tani milioni 3.3 mwaka 2023 hadi karibu milioni 1.5 mwaka 2024, ukame ukatangazwa janga la taifa, na nchi iliyozoea kuilisha Katanga ikaenda kununua mahindi Tanzania. Mwaka 2025 ilivuna tena zaidi ya tani milioni 3.6. Anayepanda Novemba atajuaje atauza katika soko lipi kati ya hayo?

Wapo wanaosema Zambia inasingiziwa: Katanga hailimi kwa sababu ya barabara, mbegu, na migodi inayovuta vijana. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ni kisa cha zamani. Kampuni ya migodi ya Union Minière, katika miaka yake ya kwanza, ilitegemea sana unga wa Rhodesia kuwalisha wafanyakazi. Reli ya BCK ilipokamilika mwaka 1928 ndipo mahindi ya Lomami na Kasai yalipopata njia ya maana kuja kusini. Lakini sababu hizi mbili hulishana. Nani atakopesha trekta, au kudai barabara ya shamba, kwa zao ambalo bei yake hupinduliwa kila baada ya misimu miwili? Gavana wa zamani wa Katanga, Moïse Katumbi, aliyaagiza makampuni ya migodi yalime hekta 500 kila moja. Kulima kwa amri kuliwezekana, lakini amri haikuweza kumhakikishia mkulima mdogo bei ya mwaka ujao.

Na serikali ya Kongo iliyoko Kinshasa nayo imeanza kufanya yale yale. Mahindi ya mashamba ya Kaniama-Kasese, yanayolimwa na vijana wa Huduma ya Taifa kwa fedha za serikali, yameletwa Lubumbashi na kuuzwa chini ya bei ya soko, kwa kawaida pale unga unapokuwa ghali. Mlaji hufurahi, na ana haki. Lakini miezi hiyo ya unga ghali ndiyo ambayo mkulima wa Lufira aliyehifadhi magunia yake alikuwa akiingoja.